Oili Nzito

Karakana ya timu
Jumapili, 2 Februari

Kaka Fundi,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na ule mtulinga niliouvunja mwaka jana haunisumbui tena, isipokuwa asubuhi za baridi. Salamu zimekwisha, tuje kwenye kazi.

Ndani ya boksi hili kuna shokapu mbili za mbele na moja ya nyuma. Zimetoka kwenye pikipiki mpya niliyokabidhiwa na timu. Kiwandani waliitengeneza kwa ajili ya mtu wa kwenda nayo kazini na kurudi, ajidai kidogo siku za mapumziko. Nimeshang'oa taa, vioo na kiti cha abiria, na ekzosi nyepesi imefungwa. Injini haina neno. Shida iko kwenye shokapu. Nikibana breki, mbele inapiga magoti. Nikifungua moto kutoka kwenye kona, nyuma inanesa kama kitanda kibovu cha nyumba ya wageni. Nataka uzifunge upya kwa ajili ya mbio, na kwa ajili yangu mimi. Nikiwa nimevaa ovaroli la ngozi, buti, glavu na kofia, nina kilo sitini na nane. Usimwambie Mama hesabu hiyo. Atasema nimekonda, kisha atakulaumu wewe.

Nikueleze kwa nini nina haraka. Meneja ana nafasi moja tu ya mwendeshaji kwa msimu ujao, na tunaigombea wawili, mimi na Kinyozi. Jina hilo alipewa kwa sababu akikupita, anapita karibu hadi unahisi amekunyoa. Ni mtu mwema, tunagawana hata maji ya kunywa, lakini nafasi ni moja. Mbio za majaribio ni mwisho wa Machi, na baada ya hapo meneja anachagua. Nikiikosa hii, sioni timu nyingine itakayomchukua mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye chuma begani. Kwa hiyo ujue umeshika nini mkononi.

Kinyozi ananicheka kwamba dunia nzima inapigiana simu, sisi tunaandikiana barua na kuzipakia kwenye basi pamoja na vyuma. Nimemwambia masikio ya kaka yangu yaliliwa na ekzosi za watu, na akishika simu anapiga kelele mpaka majirani ndio wanaoitikia.

Kitinda mimba wenu,
Kitinda


Kwa Fundi
Jumapili, 9 Februari

Kitinda,

Boksi limefika na pembe moja imebonyea. Aliyelipakia nadhani aliambiwa ni viazi.

Nimemaliza kazi. Springi za kiwandani nimezitoa, zilikuwa za mtu mwenye kitambi. Nimeweka zinazolingana na kilo zako, na Mama hajaambiwa. Vile vibati vyembamba vinavyoizuia oili isipite ovyo nimevipanga upya kimoja kimoja. Nyuma nimeinyanyua kidogo ili pikipiki iwe nyepesi kugeuka.

Sasa sikiliza masharti. Juu ya shokapu za mbele nimepiga mstari wa rangi ya njano, unaoanzia kwenye kifuniko na kushuka kwenye bomba. Mstari ukikatika nitajua mtu amefungua. Nilichokifunga mimi nakifungua mimi, ndivyo ninavyofanya kazi na kila mteja, na fundi wa timu yenu asijipitishe hapo. Halafu chukua kikamba cha plastiki, kile cha kubania nyaya, ukifunge kwenye bomba la shokapu ya mbele mpaka kiguse sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Shokapu ikizama, sili itakisukuma, na kitabaki pale ilipofikia. Ukirudi kutoka uwanjani, pima kimesogea kiasi gani, uniandikie.

Uendeshe kwa akili. Lile benchi la korido ya hospitali nimelikalia mara moja na limenitosha.

Kaka yako,
Fundi


Kwa Fundi
Jumapili, 9 Februari

Shikamoo Mama,

Kwangu wote wazima. Watoto wanakusalimu, na mkwe wako anasema gauni ulilomshonea limemkaa, isipokuwa mikono umeibana kidogo. Hilo la mikono amesema nisilitaje.

Nakuandikia kuhusu lile tulilozungumza jikoni kwako siku Kitinda alipotoka hospitali, pale uliponishika mkono ukaniambia nifanye lolote niwezalo aachane na hizi mbio. Kumkataza tulishajaribu, unamjua alivyo, ukimwambia kaa anasimama. Sasa mwenyewe ameniletea shokapu zake nizifunge.

Nimezifunga vizuri kila mahali, ila za mbele nimetia oili nzito na nimezidisha kipimo. Akienda mwendo wa wastani hataona kitu, pikipiki itakuwa imetulia kabisa. Akianza kukimbia kwa kweli, akabana breki kwa nguvu, mbele itakuwa ngumu kama benchi na usukani utamtikisa mikono. Hapo ataogopa, atapunguza. Nafasi itakwenda kwa yule mwenzake, Kitinda atanuna wiki mbili tatu, halafu atarudi nyumbani akiwa na miguu yake yote. Hakuna atakayekuwa amemkataza. Atakuwa ameamua mwenyewe.

Barua hii ukiisoma uichane.

Mwanao


Nyumbani
Alhamisi, 13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, mteja amesimama ananisubiri, na nilipomaliza nikagundua nimeshona mfuko wa suruali yake ukafunga mdomo. Nimemwambia ndiyo mitindo ya sasa.

Tangu mwaka jana, pikipiki ikipita hapa barabarani mimi huacha kushona mpaka mlio upotee. Jana zimepita na sikuacha. Basi ujue umenipunguzia mzigo.

Nina swali moja. Hiyo oili haitamwangusha? Wewe unasema itamtisha. Mtoto wangu mimi sijawahi kumwona akitishika. Nijibu kwa maandishi, usiniambie tutaongea.

Na mwambie mkwe wangu alete hilo gauni nilegeze mikono.

Mama yenu


Karakana ya timu
Jumatatu, 24 Februari

Kaka Fundi,

Jana tumeingia uwanjani. Nyuma umefanya maajabu, inakaa barabarani kama imepigwa gundi. Mizunguko ya mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya kofia. Pikipiki imetulia, inageuka ninapofikiria kugeuka, nikasema huyu kaka yangu wangemjengea sanamu.

Halafu nikaongeza mwendo. Mwisho wa mteremko kuna kona tunaiita ya tangi, kwa sababu tangi la maji liko pale pale nje ya ukuta. Unafika ukiwa na mwendo mkubwa kuliko mahali pengine popote, unabana breki, na lami pale ina mabonde mabonde. Hapo mbele inabadilika kabisa. Inakuwa ngumu, tairi linarukaruka badala ya kufuata lami, na usukani unacheza mikononi mwangu. Nikipunguza, inatulia, mpole. Nikirudia mwendo, inarudia ugomvi. Kikamba nimekipima: kimesimama vidole viwili kabla ya mwisho, kila mara palepale. Kama shokapu inakataa kuzama.

Nimejiuliza kama oili imezidi, lakini wewe huwezi kukosea kitu kama hicho, ungekosea hicho ungekuwa unauza maandazi. Kwa hiyo ninachofanya vibaya ni nini? Nielekeze. Kinyozi kwenye kona hiyo ananiacha urefu wa pikipiki nne.

Kitinda


Kwa Fundi
Jumamosi, 1 Machi

Kitinda,

Nimesoma barua yako mara mbili. Shokapu ziko sawa.

Tatizo ni mikono yako. Tangu ule mtulinga uvunjike unashika usukani kama mtu anayening'inia dirishani. Pikipiki inataka kujinyoosha yenyewe, wewe unaibana, inakurudishia. Legeza viwiko. Bana tangi la mafuta kwa magoti. Ukiona bado inatikisika, basi huo ndio mwendo wako, na si aibu mtu kujua mwendo wake. Wako wengi walioufahamu mapema na leo wana duka, wana watoto, wanalala vizuri.

Rangi ya njano isiguswe.

Fundi


Kwa Fundi
Jumamosi, 1 Machi

Shikamoo Mama,

Ulitaka nikujibu kwa maandishi. Mimi ndiye niliyezifunga, na mimi najua ninachofanya. Dawa imeanza kufanya kazi. Amepunguza mwendo kwenye kona kubwa.

Gauni linakuja na basi la kesho.

Mwanao


Karakana ya timu
Jumapili, 9 Machi

Kaka,

Nimefanya yote uliyosema. Nimelegeza viwiko, nimebana kwa magoti mpaka yamechubuka, nimejifundisha kupumua kwenye breki. Usukani bado unacheza pale kwenye tangi. Kwa hiyo ulisema kweli, ni mimi. Usidhani nakulalamikia. Ni afadhali kuambiwa na wewe kuliko na meneja.

Nikwambie kilichotokea Ijumaa. Fundi wa timu, yule mzee tunayemwita Babu Grisi, alikuja akakitazama kikamba changu, akashika usukani akaukandamiza mara kadhaa, akasema, "Binti, hii imejazwa oili ya trekta. Nipe nusu saa niifungue." Nilimwambia hapana. Akasema, "Nusu saa tu, usipoipenda nitakurudishia." Nikamwambia shokapu hizi zimefungwa na kaka yangu, na kaka yangu hajawahi kunifungia kitu kibaya tangu baiskeli ya magurudumu matatu. Nilipandisha sauti mbele ya watu, kaka. Yule mzee aliondoka akifuta mikono na hajanisemesha tangu siku hiyo. Kesho nitamwomba radhi kwa maneno makali, lakini kufungua hatafungua.

Sasa nimeamua hivi. Kama tatizo ni woga wa mikono yangu, dawa yake si kupunguza. Nitaingia kwenye ile kona kwa mwendo wa Kinyozi na itikisike itakavyo. Nitaishika mpaka ichoke yenyewe. Jana nimejaribu mara moja na nilipita. Roho ilikuwa mkononi, lakini nilipita. Wiki hii nitafanya hivyo kila mzunguko.

Usimwambie Mama.

Kitinda


Kwa Fundi
Jumatano, 12 Machi

Kitinda,

Naandika haraka, basi linaondoka. Usiingie kwenye kona ile kwa mwendo huo. Simamisha mazoezi. Sema unaumwa, sema lolote. Nitakueleza. Usipande hiyo pikipiki mpaka upate barua yangu nyingine.

Nimejaribu kukupigia. Simu ilipokelewa, nikaongea, sikusikia kitu. Sijui nilikuwa naongea na nani.

Fundi


Chumbani
Jumatano, 12 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ningekupigia, ila nisingeweza kusema bila kulia, na wewe ukinisikia nalia utafunga duka upande basi.

Nimeacha, Mama. Leo asubuhi tulikuwa mazoezini, wawili tu, mimi na Kinyozi. Niliingia kwenye kona ya tangi kwa mwendo ambao yeye anaingia nao kila siku bila taabu. Mbele ikaanza kurukaruka, pikipiki ikakataa kugeuka, ikaninyoosha moja kwa moja kuelekea alipokuwa yeye. Nilimpita kwa nyuma, karibu hadi buti langu likagusa tairi lake. Yeye hakuanguka, nami sikuanguka, nikaishia kwenye mchanga. Akaja, akavua kofia, akaniuliza kama niko salama. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Ana mtoto wa miezi minne, Mama, picha yake ameibandika kwenye kifuniko cha sanduku la spana.

Nikaenda kwa meneja nikiwa na mchanga kwenye buti, nikamwambia nafasi ampe Kinyozi. Mimi kuvunjika nilishazoea. Kumvunja mtu mwingine siwezi. Alinitazama sana, akasema ni hasara, lakini hakunibembeleza.

Kaka aliniambia mapema kwamba tatizo ni mikono yangu. Nilikuwa sitaki kuamini. Miaka yote hii nilidhani kuna kitu kimoja duniani ninachokijua vizuri kuliko watu wengi, na kumbe nilikuwa najivika kilemba cha ukoka. Naitazama mikono hii na siielewi. Hata kufunga mlango naufunga taratibu, kama nitavunja kitu.

Najua utafurahi kwamba nimeacha. Furahi tu, sitakasirika.

Mwanao,
Kitinda


Nyumbani
Jumamosi, 15 Machi

Fundi,

Nakuambatanishia barua ya mdogo wako. Isome ukiwa umekaa. Nimekuandikia wewe kwanza kabla sijamjibu, kwa sababu sijui nimjibu nini.

Nilidhani siku akiacha nitapika, nitaita majirani. Nimekaa na hii barua tangu jana mchana na sijashona hata kifungo. Mtoto aliyetoka tumboni mwangu akiwa amekunja ngumi, leo anaogopa kufunga mlango. Na waliomfanya hivyo ni sisi. Wewe kwa oili yako, mimi kwa mdomo wangu pale jikoni.

Nilikuuliza kama haitamwangusha, ukanijibu kwamba wewe ndiye uliyezifunga. Hilo halikuwa jibu, na mimi nilijua si jibu, nikalikubali kwa sababu nilitaka kulala. Kidogo tumuue yeye na baba wa mtoto mchanga, tukisema tunamlinda.

Nilitaka awe mzima. Huyu aliyeandika barua hii si mzima, Fundi, hata kama mifupa yake yote iko mahali pake.

Mweleze ukweli. Leo, si kesho. Na usiniache nje ya maelezo yako, nakufahamu ulivyo, utataka kubeba yote peke yako uonekane mwanamume.

Mama yenu


Kwa Fundi
Jumatatu, 17 Machi

Kitinda,

Babu Grisi alisema kweli. Mikono yako haina tatizo lolote.

Nilitia oili nzito kwenye shokapu za mbele, na nikazidisha kipimo. Si kwa bahati mbaya. Nilitaka pikipiki ikutikise ukizidisha mwendo, upunguze, ushindwe, urudi nyumbani. Ulipouliza, nilikudanganya. Nilipoandika kwamba unashika usukani kama mtu anayening'inia dirishani, sikuwa nimekuona ukiendesha tangu mwaka jana. Niliyatunga hapa benchini nikinywa chai. Wewe ukajichubua magoti kwa ajili yake.

Mwaka jana nilikaa kwenye ile korido, nikakuona umelala na mrija puani, na daktari alikuwa ananieleza jambo na mimi sisikii hata neno moja. Alikuwa anachezesha mdomo tu. Sikujua kama anasema utapona au umeshakufa. Tangu siku ile kila boksi lako likifika, nalifungua nikiwa na kiwewe. Ningekuambia hivyo. Ni sentensi fupi. Nikaona ni rahisi zaidi kutia oili.

Kazi yangu naijua, Kitinda, na nilijua kwamba shokapu isiyozama inaruka, na tairi linaloruka halishiki breki. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila mteja. Nililiweka pembeni kwa sababu nilitaka iwe kweli kwamba utapunguza tu.

Kwenye boksi hili kuna chupa mbili za oili inayofaa, kipimo nimekiandika juu ya kila chupa. Kwangua rangi, mpe Babu Grisi afungue, na umwombe radhi kwa niaba yangu. Kisha nenda kwa meneja, umwambie fundi wako alizifunga vibaya kwa makusudi. Taja jina langu. Nikikosa wateja nitakuwa nimestahili.

Mama hakujua lolote. Nilifanya peke yangu.

Kaka yako


Nyumbani
Jumatatu, 17 Machi

Mwanangu Kitinda,

Kaka yako atakuandikia, na nina hakika atasema mimi sikujua. Nilijua. Nilimwomba mimi, jikoni, nikiwa nimemshika mkono asiweze kukataa. Aliponiandikia kwamba tayari, nilifurahi na nikalala usingizi mtamu wiki nzima.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba uache kufunga milango taratibu.

Mama


Karakana ya timu
Jumatatu, 31 Machi

Kaka, na Mama pia, kwa sababu nawaandikia wote wawili karatasi moja,

Kaka, ile barua yako ya haraka ilinikuta nimeshaacha. Hizi za kukiri zilifika pamoja kwenye basi moja. Nikafungua ya Kaka, nikasoma kwamba Mama hakujua. Nikafungua ya Mama, nikasoma kwamba alijua na alilala usingizi mtamu. Kaka, hata kwenye kukiri umenidanganya. Nilicheka, na kucheka kwenyewe kuliniuma mbavu.

Babu Grisi hakukubali kufungua. Alivuta kiti, akasema, "Fungua wewe, mimi nitakutazama." Kwa hiyo nimezifungua kwa mkono wangu. Oili yako ilishuka kwenye beseni polepole kama asali, na sisi wawili tukaitazama mpaka ikaisha. Nilisafisha, nikatia ile ya kwenye chupa, nikafunga. Juzi meneja aliniruhusu kuingia uwanjani peke yangu, watu wakiwa wanakula.

Mzunguko wa tatu nilifika kwenye tangi kwa mwendo wa Kinyozi. Nilikuwa nimebana meno nikingoja ianze kunitikisa. Haikutikisa. Ilizama, ikafuata lami, bonde kwa bonde, ikageuka. Nikarudia nikiwa na mwendo zaidi ya wake. Nikalia ndani ya kofia mpaka kioo kikafanya ukungu, ikabidi nisimame nifute. Mikono ilikuwa yangu siku zote. Mlinifanya niiogope wiki nzima ya maisha yangu, na siwezi kuwaambia jinsi wiki hiyo ilivyokuwa ndefu.

Nafasi imekwenda. Kinyozi alikwishaweka sahihi, na jana ameendesha mbio za majaribio vizuri sana, anastahili. Ile juzi, meneja alikuwa amesimama ukutani nilipopita kwenye tangi. Nilipotoka aliniuliza nini kimebadilika. Nikamwambia shokapu za mbele zilikuwa na oili isiyofaa. Akaniuliza nani alizifunga, mbele ya Babu Grisi na mafundi wengine wawili. Babu Grisi akainamisha kichwa akatafuta kitu kwenye sanduku. Ningetaja jina lako, Kaka, kesho yake kila timu ingelijua, na usingepata tena shokapu ya mtu yeyote wa mbio. Nikasema nilizifunga mimi. Meneja akatikisa kichwa, akasema mwendeshaji asiyejua mpaka wa ufundi wake ni hatari kwa wenzake, na kwamba alifanya vizuri kutonibembeleza.

Kwa hiyo nimekulinda, bila kukuuliza unataka nini. Hutakuwa na njia ya kulifuta, na kila mteja atakayekuja kwako utakumbuka kwa nini amekuja. Sasa unajua inavyokuwa.

Nimekasirika na nyinyi. Kaka, ungeniandikia ile sentensi fupi, ningepanda basi siku hiyohiyo, nikakaa na wewe hapo benchini, hata kama nisingeacha mbio. Mama, na wewe ungeniita. Mlichukua woga wenu mkautia kwenye pikipiki yangu, mkaufunika kwa rangi ya njano. Najua mnanipenda. Hilo sibishani nalo, na halinipunguzii hasira.

Nakuja Jumamosi. Nitalala kwa Mama, kwako sitalala. Jumatatu asubuhi nitakuwa karakanani kwako na ovaroli, na utanifundisha kufungua na kufunga shokapu, springi, oili, kila kibati, bila kuruka kitu, mpaka nisihitaji kumpelekea mtu mwingine boksi. Labda iko timu nyingine itakayonitaka mwakani, labda haipo, lakini nitakwenda kubisha hodi na kazi ya mkono wangu mwenyewe. Nitakuwa bado nimekasirika wakati unanifundisha. Utavumilia.

Kitinda